James Ruse: mfungwa aliyehukumiwa kwenda Afrika, akaishia kulima Australia

Hukumu yake ya kwanza ilikuwa kunyongwa. Ya pili ilitaja bara letu. Julai 1782, katika mahakama ya Bodmin, huko Cornwall kusini-magharibi mwa Uingereza, kijana wa miaka kama 23 aitwaye James Ruse alipatikana na hatia ya kuvunja nyumba na kuiba saa mbili za fedha na vitu vingine. Thamani ya vyote ilikuwa pauni 5. Kwa sheria za wakati ule, wizi wa namna hiyo adhabu yake ilikuwa kamba. Baadaye akapunguziwa: uhamisho wa miaka 7, apelekwe Afrika.

Afrika aliyoipata ni ya mwezi mmoja tu, na hapo ni miaka mitano baadaye, meli zao zilipotia nanga Table Bay, kwenye Rasi ya Tumaini Jema kusini mwa Afrika, kununua mifugo, mbegu na chakula. Zaidi ya hapo mtu huyu anajulikana kwa jambo lililotokea mbali kabisa na Afrika. Hati ya kwanza ya kumiliki shamba iliyotolewa katika koloni la New South Wales, ambalo leo ni sehemu ya Australia, iliandikwa kwa jina lake. Hadithi yake husimuliwa kwa kifupi hivi: mwizi alipelekwa ng'ambo, akatubu kwa jembe, serikali ikamzawadia shamba, naye akawa mkulima wa kwanza. Ni hadithi tamu, ila karibu kila neno ndani yake linahitaji kufunguliwa. Je, alikuwa bado mfungwa alipopewa shamba? Ilikuwa zawadi kweli? Alikuwa wa kwanza? Na ardhi yenyewe ilikuwa ya nani hata mtu aweze kuigawa?

Tuanze na Afrika, kwa sababu bila hiyo Australia haieleweki. Kwa miaka mingi Uingereza ilikuwa inawatupa wafungwa wake Marekani, ambako waliuzwa kwa wenye mashamba wakatumikie muda wa adhabu zao. Vita vya uhuru wa Marekani vilipoanza mwaka 1775, mlango huo ukafungwa. Mahakama hazikuacha kuhukumu. Watu waliendelea kuandikiwa uhamisho, isipokuwa hapakuwa na mahali pa kuwapeleka. Wengine walipelekwa kwenye ngome za Waingereza huko Afrika Magharibi wakiwa kama askari, na wakafa ovyo kwa magonjwa. Ukaja mpango wa kuwaweka kwenye kisiwa ndani ya mto Gambia, ukapingwa bungeni. Mwaka 1785 serikali ikatuma merikebu kukagua pwani ya kusini-magharibi mwa Afrika, ikarudi na habari za mchanga na ukame. Agosti 1786 ndipo ikaamuliwa Botany Bay, upande wa pili wa dunia, mahali ambapo hakuna ofisa wa serikali hiyo aliyekuwa amepakanyaga tangu msafara wa Kapteni Cook wa mwaka 1770.

Muda wote huo Ruse alikuwa ndani ya Dunkirk, meli kuukuu iliyofungwa bandarini Plymouth ikageuzwa jela. Alikaa humo miaka kama mitano. Shika hesabu hii, maana ndiyo fundo lenyewe: adhabu ya miaka 7 ilihesabiwa tangu siku ya hukumu, si tangu siku ya kupanda meli. Msafara wa meli 11 ulipong'oa nanga Portsmouth tarehe 13 Mei 1787, yeye akiwa ndani ya Scarborough pamoja na wafungwa wenzake zaidi ya 200, alikuwa ameshamaliza karibu miaka mitano ya kifungo chake. Walipofika Port Jackson, bandari ya Sydney ya leo, karibu na Botany Bay iliyokusudiwa, Januari 1788, alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu.

Julai 1789 Ruse akajitokeza na kusema: muda wangu umekwisha, mimi ni mtu huru.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyeweza kumwambia ndiyo wala hapana. Karatasi zinazoonyesha kila mfungwa alihukumiwa lini na kwa miaka mingapi hazikuletwa na msafara. Zilibaki Uingereza, na barua ya kuziulizia ilihitaji miezi minane au zaidi kwenda tu, kabla hujaanza kuhesabu ya kurudi. Gavana Arthur Phillip alikuwa na watu zaidi ya 700 waliofika wakiwa wafungwa, na baadhi yao walikuwa wanadai kwamba adhabu imekwisha. Akiwakubalia wote, nani atakata miti? Akiwakatalia, anawafunga watu huru. Mwaka huohuo mfungwa mwingine aliyedai uhuru wake kwa maneno yaliyoonekana ya dharau kwa wakubwa aliishia kuchapwa viboko. Kwa hiyo Ruse hakuwa anaomba tu; alikuwa anacheza na moto.

Nadhani kilichomwokoa ni namna alivyoomba. Hakuomba arudishwe kwao. Aliomba shamba.

Hapo aligusa kidonda cha Gavana. Koloni lilikuwa na njaa. Udongo wa Sydney Cove, waliposhukia, ni mchanga juu ya mwamba, na mazao ya kwanza yaliwaangusha. Mbegu za ngano nyingi ziliharibika safarini kwa joto na wadudu. Ng'ombe wachache walioletwa walitoroka porini katikati ya mwaka 1788, kwa hiyo hata samadi ilikuwa tabu, na wa kukokota jembe la plau hakuwepo. Kila mtu, kuanzia Gavana hadi mfungwa, alikula posho kutoka ghala la serikali, na ghala lilikuwa linapungua. Meli ya shehena iitwayo Guardian iligonga mwamba wa barafu Desemba 1789 ikiwa imeshaondoka Rasi ya Tumaini Jema kuja kuwaokoa. Machi 1790 Sirius, meli kubwa kuliko zote walizobaki nazo, ikavunjika kwenye mawe ya kisiwa cha Norfolk. Posho ikakatwa, ikakatwa tena.

Na kati ya mamia ya wafungwa, waliojua kilimo walikuwa wa kuhesabu. Wengi walikuwa watu wa mjini. Phillip alilalamika mara kwa mara katika barua zake kwamba ametumiwa watu wasiojua kushika jembe. Ruse alikuwa amelelewa shambani, karibu na mji wa Launceston.

Kwa hiyo Novemba 1789 Phillip akamweka mahali palipoitwa Rose Hill, Parramatta ya leo, kilomita kama 24 ndani ya nchi kutoka Sydney Cove. Alipewa ekari moja na nusu iliyokwisha kufyekwa, ahadi ya kusaidiwa kufyeka nyingine tano, kibanda, zana, mbegu, nguruwe jike wawili, kuku sita, na posho ya ghala ya kuanzia. Hakupewa hati. Wala hakutangazwa kuwa huru. Hapo ndipo neno "zawadi" linapokosea njia. Gavana alitaka kujua jambo moja: mtu mmoja mwenye bidii, akipewa kianzio, atachukua muda gani hadi aache kula posho ya serikali? Ruse alikuwa kipimo. Ndiyo maana mahali pale paliitwa na pangali panaitwa Experiment Farm, yaani shamba la majaribio, na kilichojaribiwa kilikuwa mtu zaidi ya mbegu.

Jinsi alivyolima tunajua kwa kinywa chake mwenyewe, kwa sababu Novemba 1790 ofisa wa askari wa majini, Watkin Tench, alipita shambani kwake, akamhoji na kuandika majibu. Mkulima yeyote wa jembe la mkono atamwelewa Ruse bila mkalimani. Alichoma magogo yaliyoangushwa, akayachimbia majivu ardhini. Akalima kwa jembe kidogo kidogo, kipande cha siku na hakuzidisha, ili kazi iwe ya kweli na si kuparuza juu kama, alivyosema, shamba la serikali. Akapondaponda mabonge, akageuza nyasi na magugu yakaenda chini. Kisha akaiacha ardhi ipigwe na jua na hewa kadiri alivyoweza kusubiri, na kabla tu ya kupanda akaitifua upya. Baada ya mavuno alikusudia kupanda mboga ya mizizi ili udongo ulainike kwa mwaka unaofuata. Mabua ya ngano hatayachoma. Atayafukia mashimoni pamoja na chochote kinachooza, yawe mbolea. Leo tungesema mboji.

Alitaja pia msaidizi wake. Sina mtu, alisema, ila mke wangu niliyemwoa nchi hii, naye ni mchapakazi. Huyo ni Elizabeth Perry, mfungwa aliyefika Juni 1790 kwa meli ya wanawake, Lady Juliana. Walioana Septemba mwaka huohuo. Katika masimulizi mengi Elizabeth hupewa sentensi moja, nami naona ni dhuluma. Jaribio lililomhusu "mtu mmoja" lilifaulu kwa mikono minne.

Februari 1791 Ruse akamwarifu Gavana kwamba haitaji tena posho. Ilikuwa miezi 15 tangu aingie shambani. Aprili mwaka huo akapewa hati ya ekari 30.

Kwa nini 30? Hapa si ukarimu wa Phillip. Maagizo aliyotoka nayo London yalikuwa na kipimo kamili: mfungwa aliyeachiwa huru apewe ekari 30 akiwa peke yake, 20 zaidi akiwa na mke, na 10 kwa kila mtoto, bila kodi kwa miaka 10. Uingereza haikutaka watu hawa warudi. Mtu mwenye shamba, mke na kuku hatafuti nauli ya kurudi Plymouth. Tunaposema "mfungwa alipewa ardhi", basi, tuseme kwa usahihi: aliyemaliza kifungo, au aliyesamehewa, ndiye aliyekuwa na haki hiyo. Ruse aliingia shambani akiwa katikati, si mfungwa kwa hesabu yake, si huru kwa karatasi za serikali, na alipewa hati baada ya hadhi yake kunyooka.

Ajabu ya koloni hilo ni kwamba hata wafungwa halisi hawakuwa bila sauti kama sheria ya Uingereza ilivyotaka. Kule nyumbani, aliyehukumiwa kifo, hata akipunguziwa, alihesabiwa amekufa mbele ya sheria ya madai: hawezi kushtaki, hawezi kumiliki. Lakini mwaka 1788 wafungwa wawili, mume na mke, Henry na Susannah Kable, walimshtaki nahodha kwa kupoteza mzigo wao melini, na mahakama ya koloni ikawapa fidia ya pauni 15. Mahakimu walifumba jicho. Koloni la wafungwa lisiloruhusu wafungwa kumiliki kitu lisingesimama hata mwaka mmoja.

Sasa swali la "wa kwanza". Kabla ya Ruse kupewa kibanda, Rose Hill tayari kulikuwa na shamba la serikali, lililoanzishwa Novemba 1788, ambalo wafungwa walililima kwa amri. Msimamizi wake alikuwa Henry Dodd, mtumishi wa Phillip aliyekuja naye, mtu asiyekuwa mfungwa. Desemba 1789, Ruse akiwa bado anaangusha miti, shamba la Dodd lilivuna ngano na shayiri za kutosha kuhifadhiwa kama mbegu. Nafaka ya kwanza ya maana katika koloni hilo ilitoka kwa Dodd, na kwa migongo ya wafungwa ambao majina yao hayakuwekwa kwenye hati yoyote. Upekee wa Ruse ni mwingine: ndiye wa kwanza kulima kwa ajili yake mwenyewe hadi akajitegemea, na wa kwanza kupewa karatasi ya kusema hapa ni pake.

Na karatasi hiyo ndiyo yenye mgogoro mkubwa kuliko yote.

Rose Hill ilikuwa na jina kabla ya Phillip. Waliokuwa wakiishi pale ni Waburramattagal, ukoo wa watu wa Darug. Jina lao linahusiana na mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, ambao walijaa mtoni mahali maji chumvi na maji baridi yanapokutana. Walivua, waliwinda, walichoma nyasi kwa mpango ili majani mapya yavute wanyama. Uwazi ule wa miti uliowavutia Waingereza, wakaona ni ardhi nzuri ya kulima, kwa sehemu ulitokana na moto wa watu hao. Aprili 1789, miezi saba kabla ya Ruse kupewa jembe, ndui iliingia kati ya wenyeji wa Port Jackson na jirani zake ikaua wengi mno. Mwaka 1790 mzee wao aitwaye Maugoran alimweleza Phillip waziwazi kwamba watu wake wana hasira kuona wageni wengi hivyo Rose Hill. Jibu la Gavana lilikuwa kuongeza askari huko.

Waswahili tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alikuja na jembe lake, askari wake na karani wa kuandika hati.

Kisheria, Phillip aliweza kugawa ekari 30 kwa sababu Mfalme alihesabiwa ndiye mwenye ardhi yote, kana kwamba kabla yake haikuwa na mwenyewe. Msomaji wa Kenya hatashangaa. Sheria ya Ardhi za Mfalme ya mwaka 1902 ilitumia fikra ya jamaa mmoja na huyo, na matokeo yake yanajulikana kuanzia Kiambu hadi Bonde la Ufa. Australia ilichukua hadi Juni 1992 ndipo Mahakama Kuu ikakubali, katika kesi iliyofunguliwa na Eddie Mabo na wenzake wa kisiwa cha Mer, kwamba wenyeji walikuwa na haki zao za ardhi kabla ya Waingereza. Hati namba moja ilikuwa imeshapitisha miaka 201.

Ruse mwenyewe hakuishika muda mrefu. Oktoba 1793 aliliuza shamba kwa pauni 40 kwa John Harris, daktari wa Kikosi cha New South Wales. Inaonekana alitaka kurudi Uingereza, ila hakwenda. Hakuwa peke yake kuuza. Maofisa wa kikosi hicho walikuwa na fedha, walikuwa na mishahara, na walishika biashara ya bidhaa zilizoshuka bandarini, ramu ikiwemo. Mkulima mdogo alinunua kwao kwa bei yao, akaweka rehani mavuno, kisha shamba. Ekari 30 zilitosha kumtoa mtu kwenye posho, hazikutosha kumtoa kwenye deni.

Mwaka 1794 akaanza upya kwenye mto Hawkesbury, ambao Wadarug wanauita Dyarubbin. Alikuwa miongoni mwa walowezi 22 wa kwanza huko. Udongo wa kingo zile ulikuwa mweusi na wenye rutuba kwa sababu moja ambayo wageni waliielewa kwa kuchelewa: mto hufurika na kuleta tope. Mafuriko yakabeba mazao na nyumba mara kwa mara. Kingo hizohizo ndizo zilizoota viazi vikuu vya porini, chakula muhimu cha wenyeji. Walowezi waling'oa viazi wakapanda mahindi. Wenyeji walipokuja kuvuna mahindi yaliyoota mahali pa viazi vyao, wakaitwa wezi na kupigwa risasi. Kufikia 1795 wanajeshi walikuwa wametumwa kupigana nao kando ya mto. Ruse hakuwa mtazamaji wa mbali katika jambo hili. Alikuwa na shamba palepale South Creek inapoungana na mto.

Baada ya hapo maisha yake yanashuka polepole. Alipata ekari 100 Bankstown mwaka 1809 na kipande kidogo cha ekari 10 Riverstone mwaka 1819, lakini hakuna kilichomfanya tajiri. Sensa ya mwaka 1828 inamwonyesha akiwa msimamizi wa shamba la mtu mwingine huko Minto, na umri wake unakaribia miaka 70. Mwenye hati ya kwanza ya shamba alikuwa amerudi kulima kwa mshahara. Wenzake wachache waliotoka kifungoni walipata mali nyingi kwa biashara, na hao ndio hukumbukwa wanapotajwa wafungwa waliofanikiwa. Kati ya watu karibu 162,000 waliopelekwa Australia kama wafungwa kati ya 1788 na 1868, nadhani maisha ya Ruse yanafanana zaidi na ya wengi: akapata, akauza, akahama, akazeeka.

Elizabeth alifariki mwaka 1836. James alimfuata tarehe 5 Septemba 1837, wakazikwa Campbelltown.

Ukienda leo Parramatta, mtaa lilipokuwa shamba la majaribio unaitwa Harris Park, kwa jina la mnunuzi. Nyumba nzuri ya kale iliyohifadhiwa pale ni ya Harris pia. Muuzaji amepewa barabara kuu yenye magari mengi, na shule ya sekondari ya kilimo inayosifika nchini kote kwa ufaulu wake. Waburramattagal wamebaki ndani ya jina la mji wenyewe, ambalo maelfu hulitamka kila siku kituo cha treni bila kujua wanawataja watu na mikunga yao.

Kaburi la Ruse lina maandishi ambayo inaaminika sehemu yake aliyachonga mwenyewe, kwa tahajia ya mtu aliyejifunza herufi kwa kusikiliza. Hata jina lake lina herufi ya ziada. Anasema mama yake alimlea kwa upole na kutaabika naye sana, na kwamba alipofika koloni hili alipanda nafaka ya kwanza. Henry Dodd, aliyevuna kabla yake, alikuwa amekufa tangu Januari 1791, mwezi mmoja kabla Ruse hajaikataa posho. Kaburi lake liko Parramatta, na ndilo kaburi la Mzungu la zamani kuliko yote yanayojulikana Australia yaliyobaki mahali pake. Limeandikwa: H.E. Dodd 1791.